Futi ya Shangazi

Shangazi yangu Mwanamkasi alishona kanzu za wanaume.
Lisome hilo polepole, maana miaka ile
mwanamke alishona magauni, foronya, vitambaa vya meza,
na kanzu ilikuwa na fundi wake, naye alikuwa na ndevu.
Lakini Fundi Mbaruku alipopooza mkono
ni mkewe, aliyemtungia uzi miaka tisa,
aliyevuta kiti barazani, Barabara ya Nane,
akakanyaga cherehani.
Wateja walinuna wiki mbili.
Idi ikakaribia. Wakaja.

Malenga nao wakaja,
kwani malenga wa Tanga hasimami kughani
na kanzu iliyokunjamana.
Shekalaghe wa Chumbageni, Mwinjuma, yule Sengasu wa reli,
wamenyoosha mikono kama vinyago vya kufukuzia ndege,
yeye anapima, pini midomoni,
wao wanabishana: huyu Kishungi ni nani?

Kishungi, anayewachana kila Jumamosi gazetini.
"Mwalimu wa Usagara yule."
"Karani wa bandari! Husikii maneno yake ya forodha?"
"Kifua, arobaini na mbili," akasema Shangazi kupitia pini.
Jumamosi iliyofuata
majivuno yao yote yalikuwa yametiwa vina.

Alinionyesha mwenyewe alivyotunga:
kidole gumba juu ya futi, mizani moja inchi moja.
Kina cha kati kwenye nane, cha mwisho kwenye kumi na sita.
Likizidi, unakata.
Likipungua, unatia kiraka, ila kiraka kisionekane.
Bega la Shekalaghe lilikuwa inchi kumi na sita kamili.
"Mshororo mzima," alicheka, "tatizo hauna maana."

Kisha gazeti likatangaza tuzo, redio ya betri nne.
Kishungi afike Tangamano, Ijumaa baada ya alasiri,
aipokee kwa mkono wake.
Alikwenda na futi shingoni.
Watu wakadhani kuna mtu kaletewa kanzu.
Aliposema jina lake, Shekalaghe akashika kipaza sauti,
kola yake imetarizwa na huyohuyo aliyesimama mbele yake:
"Mama, kuku jike hawiki."
Kile kicheko, nasikia, kilifika sokoni.

Hakujibu upesi. Vidole vilitembea kwenye futi.

*Wasema jike hawiki, na awikaye ni nani?*
*Jogoo yu kwenye dhiki, kajifunika bandani,*
*Yai kwake halitoki, kifaranga hakioni,*
*Kumekucha, huamki? Nimewika, toka ndani!*

Sitakudanganya kwamba walipiga makofi.
Mwinjuma peke yake alisimama. Wengine walitazama viatu vyao.
Redio alipewa wiki tatu baadaye, bila betri.
Mwezi mzima hakuletewa hata kifungo.
Mumewe ndiye aliyekwenda dukani,
akarudi na betri nne kwenye kibindo cha msuli,
akazipachika moja moja kwa mkono uliobaki,
ya tatu akaigeuza kichwa chini, wakacheka,
wakaanza upya.

Mimi sikurithi vina.
Napanda nguzo za umeme huku Pongwe, mkanda kiunoni,
na chini hakosekani mtu wa kuniuliza
fundi mwenyewe yuko wapi.
Zamani nilikuwa najibu.
Sasa natia mkono mfukoni, naigusa futi yake,
kitambaa kimelainika kama sikio la mbuzi.
Kuanzia moja hadi kumi na sita namba zimekwisha,
zimeliwa na kidole gumba.
Kumi na saba ingali nyeusi,
mbichi,
kama imechapwa jana.