Msoma Mita, Likizoni

Miaka kumi na mmoja nasoma mita Dodoma.
Mbwa wananijua kabla ya wenye nyumba.
Nainamia kisanduku chenye buibui,
naandika tarakimu, naondoka na lawama:
maji hayajatoka tangu Jumanne, bili imetoka.

Mwaka huu Nyemo kasema likizo si kulala.
Tukafunga hema la kuazima juu ya Suzuki,
sufuria mbili, Chilongola katikati ya magodoro,
na rejeta inayovuja, tuliyoiomba uvumilivu.
Kondoa tukalala. Babati tukalala.
Arusha mvua ikatukuta hatujapigilia vigingi,
tukajikunja garini, magoti mdomoni,
Nyemo anacheka gizani: "Likizo hiyo!"

Moshi tukaiacha chini, tukapanda Materuni.
Mifereji inakimbia kando ya migomba
bila mtu kuifukuza, bila ndoo kuikinga.
Elinami, binti anayetuongoza,
anairuka tu huku anaongea na simu.
Mimi nasimama kila mfereji.
"Umechoka, kaka?"
Sikuchoka. Nilikuwa natafuta koki.

Halafu sauti. Nikadhani lori linashusha kokoto.
Kona ya mwisho,
na pale juu ya jabali bomba kuu limepasuka
na hakuna aliyepiga simu ofisini.

Yanaanguka mchana kweupe, siku ya kazi,
hayana foleni, hayana zamu ya mtaa.
Nikaanza kuhesabu, mazoea ya mkono:
uniti moja ni ndoo hamsini.
Nikapepesa jicho, mtaa wetu umeoga.
Nikameza mate, Chang'ombe yote imefua.
Nilipofika shule ya msingi na zahanati
tarakimu zikalowa.

Maji usiyoyafika hujui wingi wake, walisema.
Haya nimeyafika. Bado sijui.

Chilongola akavua shati, akaingia, akatoka meno yanagongana,
akauliza kama usiku huwa wanayafunga.
Elinami akacheka hadi akashika goti.
Nyemo hakucheka.
Alisimama kwenye manyunyu, kanga imemganda,
amekinga viganja, amekinga tu,
vinajaa, vinamwagika, vinajaa,
yeye aliyenifundisha kuoshea vyombo
maji yaliyokwisha kuosha mchele.

Tukachota kidumu kimoja. Cha rejeta, nikasema,
na hakuna aliyeniuliza mbona nakipakata.

Siku ya tatu ya kurudi, kabla ya Kondoa,
gari likagoma. Nikafungua boneti:
mvuke mweupe ukapanda juu ya vichaka vikavu,
ukatulowesha nyusi.
"Baba," mtoto akanong'ona, "yametufuata."
Tukasimama pembeni ya lami, watatu, shingo juu.
Kifuniko kilikuwa mkononi mwangu.
Sikuharakisha.