Wati Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi nafunga tanuri.
Hamira imenikaukia kwenye kucha.
Wenzangu wa zamu wanakwenda kulala;
mimi nashuka kituo cha tatu baada ya Rakvere,
nafuata njia ya mbao juu ya kinamasi,
mgongoni mkoba usiozidi uzito wa mikate minne.

Redio yangu inakaa ndani ya kopo la dagaa.
Dagaa wa Baltiki, wa kufukizwa. Niliwala mwenyewe,
kopo nikaliosha mara tatu,
na bado likipata joto hunuka moshi.
Hutoa wati mbili. Taa ya ndani ya tanuri letu,
ile ya kuchungulia mkate umeivaje,
hula ishirini na tano.

Natia jiwe ndani ya soksi, nafunga mshipi wa kuvulia,
narusha. Msonobari unalikataa.
Narusha. Theluji inanimwagikia shingoni.
Mara ya tatu linapita juu ya tawi nililolikusudia,
au jirani yake; sichagui.
Waya unapanda nyuma ya soksi kama mtu mwenye haya.

Waya wenyewe ni wa kengele ya mama.
Ulitoka mlangoni hadi zizini, mita ishirini,
mgeni akibonyeza, mama asikie huku anakamua.
Niliung'oa wiki moja kabla nyumba haijauzwa.
Aliyeuza ni Ülo, kaka yangu.
Yeye yuko Tartu, ana mnara uani na wati elfu moja,
majirani wanamsikia hata kwenye birika la chai.
Miaka sita hatujaitana.

Betri naipasha kwapani. Kalamu ya wino imeganda,
natumia penseli.
Nukta, kistari. Nukta, kistari.
Naita wote, yaani simwiti yeyote.
Sikioni mvumo tu, kama unga unaochekechwa
chumba cha pili.

Kisha, chini kabisa ya mvumo,
mtu anagonga jina langu la hewani.
Duarte. Kisiwa cha São Jorge, katikati ya Atlantiki.
Huko bado usiku, ameamka kukamua, mvua inanyesha.
Ananipa tano, tatu, tisa: nasikika kwa shida.
Anauliza nguvu. Wati mbili, nasema.
Anauliza tena, maana haamini,
nami narudia polepole, kidole kikiuma kwa baridi: mbili.

Ndipo anapogonga:
WEWE MWESTONIA WA PILI LEO. WA KWANZA ÜLO, TARTU.

Mkono ukasimama juu ya kibonyezo.
Mawimbi haya yana tabia yao:
huruka juu ya jirani, yakatue ng'ambo.
Kutoka hapa hadi Tartu ni mwendo wa saa mbili kwa basi,
naye hanisikii, wala mimi simsikii;
mkamuaji wa Atlantiki anatusikia sote wawili.
Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Basi ndiyo maana haipandi waya.

Nikagonga: HAJAMBO?

Mvumo. Nusu ya herufi. Mvumo.
Nikashika pumzi, kana kwamba pumzi yangu
ndiyo inayoziba Atlantiki nzima.
Akarudi, mwembamba kama unywele:
TANO TISA TISA.

Duarte, nilikuuliza habari za mtu,
ukanipa habari za mnara wake.
Au labda ndilo jibu ulilokuwa nalo.
Sabini na tatu, akaaga. Ng'ombe wanangoja.
Sabini na tatu, nikajibu, hewani hakuna mtu.

Nakunja waya kwenye kiwiko, kama mama alivyokunja sufi.
Soksi imenasa. Navuta, mshipi unakatika,
jiwe linabaki juu likining'inia,
tunda la ajabu kwa atakayepita Jumapili.

Ndani ya basi nafungua daftari.
Jina, saa, masafa, ishara.
Pembeni, kwa penseli, naongeza kitu
ambacho daftari halina safu yake:
kumbe naye halali.