Safu Moja Zaidi

Birkat al-Mawz, saa moja asubuhi,
joto limetangulia uwanjani.
Mashine inalia: pii.
Mita ishirini. Geuka. Pii.
Buthaina kafika hatua ya saba,
naandika, namsifu.
Raya kakomea ya tatu, kashika mbavu:
"Mwalimu, we andika tu."
Naandika.

Mchana mpira ukaruka ukuta,
ukatua ng'ambo ya falaji.
Buthaina akasimama ukingoni, miguu imara
haijui pa kukanyaga.
Raya akavua viatu,
akayasoma mawe kwa vidole,
akateleza, akaanguka vizuri
(kuna kuanguka vizuri),
akarudi na mpira, suruali chapachapa,
anacheka.

Usiku niko na karatasi yangu.
Nimechora safu moja zaidi, kwa rula.
Kichwa chake sijakipata.