Dakika ya Sita

Nilikwenda kwa sababu ya fomu ya bima tu,
na sukari ya miaka tisa, ambayo nimeizoea
kama mpangaji asiyelipa, asiyehama.

Muuguzi akaninyoa mvi za kifuani,
akanibandika vifungo vya baridi. Mkanda ukaanza,
nikaitembea Upanga nzima bila kutoka chumbani.
Dirishani, mwarobaini. Chini yake mtu anauza vocha.
Nikawa nawaza kufuli la ghala: nimelifunga, sijalifunga?

Dakika ya sita, Daktari Rwezaura akaiinamia karatasi.
"Unasikia maumivu?"
"Hapana."
"Kubanwa kifua? Taya? Mkono wa kushoto?"
"Hapana, daktari. Niongezee mwendo."
Hakuongeza.

Alinionyesha: mstari uliokuwa ukienda sawasawa
umeshuka milimita mbili,
kama kibaraza kilichodidimia baada ya masika.
Hapa, alisema, moyo wako ulikuwa unakosa damu.
Hapo hapo nilipokuwa nawaza kufuli.

Sasa nakuuliza wewe, moyo:
uliniuma Mwanahawa aliporudi kwao Rufiji miezi mitatu.
Uliniuma kwa bao la dakika ya tisini, bao la watu wengine,
hata chakula cha usiku kikanishinda.
Umeniwia mzito, umenienda mbio, umenisuta
kwa shilingi elfu mbili nilizomzidishia mteja.
Kwa upuuzi wote huo ulikuwa na mdomo.
Leo unanyimwa damu, unanyamaza?

Au ulisema, ila waya ndio umekatika,
sukari imeutafuna taratibu, kama mchwa nyuma ya kabati.

Nyumbani nikasema, "Vipimo vizuri."
Vidonge nikavificha kwenye kopo la majani ya chai.
Mwanahawa ndiye anayepika chai.
Labda nililijua hilo.

Jumatatu, Kariakoo. Ghorofa nne, lifti mbovu tangu Ramadhani.
Kijana Shomvi katangulia, katoni la vigae begani.
Ngazi ya thelathini na moja, nikasimama.
Sikuwa nahema. Hakuna kilichouma.
Nilisimama tu kwa heshima ya milimita mbili.

"Umechoka, mzee?"
"Sijachoka. Namngoja mwenzangu, yuko nyuma."

Shomvi akachungulia ngazi zote mpaka chini.
Hakuona mtu.