Mia na Kumi na Nne

Neža, mgongo wako naujua kuliko uso wako.
Miaka mitatu nimekaa nyuma yako
katika mashua nyembamba kama ala ya kisu,
ukienda naenda, ukirudi narudi,
na asubuhi moja ya Novemba, ukungu umelala juu ya ziwa Bled
hata kanisa la kisiwani halina miguu,
niliona pingili za uti wako zikichomoza chini ya fulana,
nikazihesabu badala ya kuhesabu makasia.
Kumi na moja.
Sikusema neno.

Sheria yetu ni ya mizani:
wawili tukijumlishwa, tusizidi mia na kumi na nne.
Mimi mifupa yangu ni ya wakata-magogo wa Pokljuka;
nikijibana hadi kizunguzungu nafika hamsini na tisa.
Zilizobaki ndizo zako.
Bojan aliandika kwa chaki ukutani: 55.
Hakupaza sauti. Hesabu haihitaji sauti.

Ukaanza.
Tango. Mtindi uliokamuliwa mafuta yote.
Chai bila sukari, kisha maji ya moto uliyoendelea kuyaita chai.
Kilomita ishirini alfajiri, vyuma jioni,
na usiku unafunga zipu ya koti
ndani ya nyumba ambamo sisi wengine tunafungua dirisha.
Januari ukavunja muda wako kwenye mashine,
tukakupigia makofi.
Njaa, mwanzoni, hukopesha bila riba.

Kisha mafua.
Kisha mafua mengine, leso za kwanza hazijakauka.
Kipele mdomoni. Koo. Jicho.
Mtoto wa kaka yako alipiga chafya mara moja tu, Jumapili;
Jumatano yeye yuko kilimani na sleji yake,
wewe uko kitandani.
Na lile lengelenge la kiganja tunalolipata sote:
langu hufunga kwa siku nne,
lako lilipasuka Februari
na Machi lilikuwa bado linatutazama,
jekundu, kama jicho lililonyimwa usingizi.
Hakikuwa kidonda ndugu,
ila kiliishi nasi kindugu,
mezani, mashuani, kwenye shuka.

Daktari Tadeja alisoma karatasi ya damu, akavua miwani.
Askari wa mwili wamepungua, alisema;
hata mate hayana tena ulinzi wake wa kawaida.
Alisema mwili ukichoshwa hivyo, kisha ukanyimwa,
huchagua cha kuacha.
Uliacha hedhi kwanza. Hukumwambia mtu.
Ukauliza: "Ijumaa nitaweza kupima uzito?"

Mimi nilikuwa mlangoni na makoti mawili mkononi,
nikawaza habari ya posho.
Askari gani hulinda lango mwezi wa tano bila posho?
Na posho yao nani kaila?

Nimeila mimi, Neža.
Kila kipande cha mkate nilichopaka siagi
kilimegwa kwenye sahani yako.
Mizani haikudanganya hata siku moja,
ilihamisha tu.

Nimemwambia Bojan tuhame,
tupande kundi lisilo na kipimo.
Akasema huko wanawake wana mabega kama milango,
mtamaliza wa mwisho.
Nikasema, basi wa mwisho.
Akafuta chaki kwa kiwiko; 55 ikabaki kivuli.

Watalii wanavuka kwenda kuvuta kamba ya kengele kisiwani,
kila mmoja na ombi lake.
Mimi nimepita dukani.
Keki ya krimu, mraba, nzito kama kitabu,
ipo hapa juu ya meza yako tangu saa nane
na umeizungushia uma mara tatu.

Sikulazimishi.
Geuka tu kidogo, uso wako niuone.
Nipe kiganja.
Kesho nitakiomba tena.