Maji ya Saa Nane

Tuliuacha mfereji wazi makusudi,
ndoo chini yake,
sufuria ya pilau ubavuni ikingoja zamu,
tukalala, sikio moja liko kiwandani.

Siku ya sita hii.
Mama mkwe anatawadha kwa kikombe kimoja cha chai.
Somoe ana mtihani wa hesabu asubuhi;
amelala na wino viganjani,
sikuwa na maji ya kumwambia anawe.

Kwanza ni kikohozi.
Mfereji wakohoa kama mgeni aliyesimama dakani,
hataki kubisha, ataka tu ijulikane yupo.
Kisha pumzi ndefu, yanuka kutu.
Kisha tone moja kwenye kitako cha ndoo,
ti,
na nyumba nzima iko macho.

Bwanaheri asema yeye ndiye wa kwanza kusikia.
Bwanaheri! Ambaye adhana ya alfajiri humpita juu ya mto
mpaka nimvute kidole gumba cha mguu.
Haya, tutabishana mchana.
Sasa hivi ana tochi kwapani, kikoi kakifunga upande,
ananong'ona kwa sauti inayofika Mkomani:
"Mai yamekuya!"

Twajaza. Madumu ya mafuta, karai, birika,
beseni la nguo, jagi lisilo mkono,
hata kopo la penseli la Somoe, kalamu zimemwagwa sakafuni.
"Ndoo!" mama mkwe amwita mjukuu,
yaani njoo, ushike hapa;
na mtoto, Kiswahili cha shule kimechanganyika na usingizi,
amletea ndoo.
Bibi akacheka, akacheka hata akaketi kwenye ngazi,
mkono kifuani, miguu ndani ya maji yaliyomwagika,
nasi tukamcheka anavyocheka.
Tangu arubaini ya mzee sijamsikia hivyo.

Mlango mdogo wa ukutani ukagongwa,
ule wa wanawake, wa nyumba kwa nyumba.
Bi Rukiya, madumu mawili na haya kidogo:
mfereji wa kwao umekohoa tu, hautoi.
Nani aulize? Vyombo vyake vikapita mbele ya vyetu.
Wiki jana gesi iliniishia,
mbaazi zangu zikaivia jikoni kwake.

Vyombo vikaisha, maji bado.
Kuyaona yakienda bure, jamani,
sijui kama mpo mnaoujua uchungu huo.
Ndipo mama mkwe akainuka, akaenda kidakani,
akalishusha bakuli la kauri,
lile la bibi wa bibi yake,
ambalo miaka kumi na miwili ya ndoa yangu
nimelipangusa vumbi pumzi nimeibana.
Akalisuuza. Akalikinga.
"Lilikuwa la kutilia maji," akasema,
"kabla halijawa la kutazamwa."

Saa kumi kasoro mfereji ukakohoa, ukanyamaza.
Hatukurudi kulala.
Nilipika chai, ina chumvi kwa mbali na ladha ya bomba,
mahamri ya jana tukayachovya mpaka yakalegea.
Nikanawa uso kwa viganja viwili vilivyojaa,
nikanawa tena, bila sababu.
Nilisema alhamdulillahi, maji yakaniingia mdomoni.

Somoe amekaa ngazi ya tatu,
ajumlisha kwenye kiganja alichokwisha kukiosha,
madumu, ndoo, karai, kopo lake.
"Lita mia mbili na tatu na nusu," atangaza.
"Na bakuli?" baba yake amuuliza.
Mtoto ageuka. Bibi yake ameliinua kwa mikono miwili,
anakunywa, kauri imemfunika uso wote.
"Hilo bado linapungua," asema Somoe.
"Ngojeni."