Kijiti cha Kuegemezea

Bustani yetu hapa Worcester ni hatua kumi na mbili,
nimezipima kwa viatu vya kazini;
udongo wa mfinyanzi, unashika mguu usiage.

Zamzam alitaka mwerebi:
uzibe dirisha la jirani,
uteremshe nywele zake wakati wa joto,
naye akae chini yake na redio.
Mimi nikasema mpeasi.
Mti usiozaa, nikasema, ni mgeni wa siku ya tatu,
na jembe utampaje?

Bwana Prosser, viwiko juu ya ua,
akatuonya sote wawili.
Mwerebi una kiu, mizizi yake hunusa maji
hadi kwenye bomba la choo.
Mpeasi nao hauzai peke yake,
sharti upate mwenzi wa kuchanua naye,
kisha ungoje. Miaka mitano. Sita.
“Wangu ule pale,” akasema.
Nyuki huvuka ua kufuata ua.

Nikashinda.
Novemba tukapanda mpeasi
mwembamba kama mpini wa ufagio,
nikaufunga kwenye kijiti
nilichookota kando ya mto mafuriko yalipopungua.

Leo Aprili. Mpeasi umelala.
Kijiti kimechipua:
majani saba, membamba, ya mwerebi.
Zamzam kayahesabu mara mbili,
hasemi neno,
anapuliza chai yake tu.

Nimetoka na kisu.
Manyunyu yameanza.
Nimesimama pale mpaka kola ikalowa,
mwishowe nikalegeza kamba,
kidogo, isije ikawakata.